Ngome, Ikulu au Mahali pa Tambiko? Kilima cha Zimbabwe Kuu na Tatizo la Kufasiri Mawe

Msomaji wa Kiswahili anapokutana na maelezo ya kilima cha Zimbabwe Kuu, pamoja na kuta zake zilizoegemezwa kwenye majabali, neno linalomjia ulimini kwa haraka ni ngome. Neno hili si baya, ila si tupu. Kwa mtu wa Mombasa, ngome ni ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, yenye buruji na mizinga iliyoelekezwa baharini. Anapolihamisha neno hilo hadi nyanda za juu za kusini mwa Afrika, huhamisha pamoja nalo adui, mzingiro na baruti. Makala haya yanadai kwamba swali la kilima hicho kilikuwa cha nini limekuwa, tangu karne ya 16, swali la lugha kabla ya kuwa swali la akiolojia, na kwamba mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake ni kupima uzito wa maneno ndani ya matini, hana sababu ya kusimama kando na kuwaachia wachimbaji uwanja wote.

Kilima chenyewe kiko kusini mashariki mwa mji wa Masvingo, umbali usiozidi kilomita 30. Ni jabali la graniti linaloinuka kiasi cha mita 80 juu ya bonde. Kileleni kuna nyua kadhaa, mbili kati yake zikiwa maarufu: Ua wa Magharibi, ulio mkubwa, na Ua wa Mashariki, ambamo ndege wengi wa jiwe la sabuni walipatikana. Chini yake bondeni kuna Ua Mkuu, wenye ukuta wa mzingo wa mita 250 hivi na kimo kinachofikia mita 11 mahali pengine. Mawe yote yalipangwa bila chokaa. Wataalamu wanaiweka enzi ya mji huu kati ya karne ya 11 na karne ya 15. Utajiri wake ulikuwa ng'ombe kwanza, kisha dhahabu iliyoteremshwa Sofala na kuuzwa kupitia Kilwa. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, imepatikana huko. Habari za biashara hiyo zimeandikwa sana, nasi hatutazirudia. Kinachotushughulisha ni kilima.

Matini ya kwanza tunayopaswa kuisoma kwa makini ni ya João de Barros, mwanahistoria Mreno, ambaye kitabu chake cha kwanza cha habari za Asia kilitolewa mwaka 1552. De Barros hakufika Sofala. Alikuwa ofisa wa idara ya biashara ya ng'ambo mjini Lisbon, na aliandika kutokana na barua, taarifa na masimulizi yaliyomfikia. Katika sura anayoeleza machimbo ya dhahabu ya bara la Sofala, anataja jengo la mawe makubwa ya ajabu yasiyoonyesha chokaa baina yake, lenye ukuta unaozidi shubiri 25 kwa upana. Anasema juu ya mlango wake pana maandishi ambayo wafanyabiashara Waislamu waliofika huko, watu wenye elimu, walishindwa kuyasoma wala kutambua ni herufi za aina gani. Anaongeza kuwa vilimani karibu na hapo kuna majengo mengine ya namna hiyo. Wenyeji, asema, huyaita majengo haya Symbaoe, neno ambalo kwao lina maana ya makao ya mfalme. Mlinzi wake ni mtu wa daraja la juu, na ndani yake hukaa daima baadhi ya wake wa mfalme.

Tutue hapa kidogo, maana matini hii hunukuliwa mara nyingi na kusomwa mara chache. De Barros analiita jengo hilo ngome, na tena ngome ya mraba. Kuta za Zimbabwe Kuu hazina umraba wowote. Zimepinda na kuzunguka kama njia ya mto. Umraba umetoka kichwani mwa mwandishi, kwa kuwa ngome alizozijua yeye zilikuwa na pembe. Lakini katika aya hiyo hiyo, sauti nyingine inasema neno jingine. Wenyeji, kupitia vinywa vya wafanyabiashara, hawasemi ngome. Wanasema makao ya mfalme. Kwa hiyo mgogoro ambao wanaakiolojia wameuendesha kwa zaidi ya karne moja umo tayari ndani ya ukurasa wa mwaka 1552: msimulizi ana istilahi yake, na wanaosimuliwa wana yao, na msimulizi hakuona kwamba hizo mbili hazipatani.

Jambo la pili ni wale wafanyabiashara. De Barros anawaita kwa jina la jumla ambalo Wareno waliwapa Waislamu wote, lakini biashara ya bara la Sofala ilikuwa kwa karne nyingi mikononi mwa watu wa pwani yetu. Haikosi kwamba miongoni mwa wasomi walioshindwa kuyasoma maandishi yale walikuwamo Waswahili. Hakuna maandishi yoyote yaliyowahi kupatikana juu ya mlango wowote wa Zimbabwe Kuu. Yako, hata hivyo, mapambo: sehemu ya juu ya ukuta wa Ua Mkuu ina safu mbili za mawe yaliyopangwa mshazari, moja ikielekea huku na nyingine kule. Twadhani, na hili ni dhana tu, kwamba mtu aliyezoea kuona aya zimechongwa juu ya mlango wa msikiti angeweza kuyatazama mapambo hayo na kuamini kwamba yanasema kitu. Alichokiona kilikuwa sanaa. Alichokitafuta kilikuwa matini.

Neno Symbaoe ndilo lililotupa jina Zimbabwe. Wanaisimu wametoa asili mbili. Ya kwanza ni dzimba dza mabwe, yaani nyumba za mawe, na hapa msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: dzimba ni ndugu wa nyumba, na mabwe ni mawe, nduguye yule mbwe tunayemjua kwa maana ya kokoto. Asili ya pili ni dzimba woye, nyumba zinazoheshimiwa, maneno yanayohusishwa na makao au makaburi ya watawala. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Asili ya kwanza inataja jengo limetengenezwa kwa nini. Ya pili inataja watu walikuwa na hisia gani mbele yake. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayotaja vita.

Je, Kiswahili kingelitafsiri vipi neno la wenyeji wa de Barros? Ngome imekwisha kutushinda. Boma lina faida yake, kwani ni ua wa watu na wa mifugo, na pia, tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, ni makao ya serikali wilayani. Lakini boma la serikali lina harufu ya kodi na kiboko. Neno lililo karibu zaidi, kwa maoni yetu, ni ikulu, ambalo Kiswahili kililichukua kutoka Kinyamwezi, ambako lilikuwa makao ya mtemi kabla ya kuwa makao ya rais. Ikulu ina ulinzi, lakini hakuna anayeidhania kuwa kambi ya jeshi.

Hatari ya majina tunaijua hata nyumbani. Huko Kilwa Kisiwani, ukingoni mwa mwamba unaotazama bahari, kuna magofu yaitwayo Husuni Kubwa. Husuni ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Neville Chittick alipoyachimba magofu hayo miaka ya 1960 alikuta kasri: vyumba zaidi ya 100, kidimbwi cha pembe nane cha kuogea, baraza, na maghala. Aliyelijenga ni yule yule al-Hasan bin Sulaiman ambaye sarafu yake iliokotwa Zimbabwe Kuu. Jirani yake pana Husuni Ndogo, ua wa mstatili wenye minara, ambao kweli una sura ya ngome, na ambao wataalamu hawajakubaliana ulikuwa wa kazi gani. Vizazi vilivyokuja baada ya kasri kuanguka viliona kuta nene juu ya mwamba vikasema: husuni. Huo nao ulikuwa ufasiri.

Tuje karne ya 19. Karl Mauch, mwanajiolojia Mjerumani, alifika Zimbabwe Kuu Septemba 1871. Aliokota kipande cha ubao kwenye kizingiti cha juu cha mlango, akakilinganisha na mti wa penseli yake kwa rangi na harufu, akakata shauri kuwa ni mwerezi, na kwa kuwa ni mwerezi umetoka Lebanoni, na kwa kuwa umetoka Lebanoni uliletwa na Wafoinike, na kwa hiyo jengo la kilimani ni mfano wa hekalu la Sulemani, na lile la bondeni ni mfano wa nyumba aliyokaa Malkia wa Sheba alipokuwa Yerusalemu. Mnyororo huu wa hoja unastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa uhakiki, kwani hakuna kiungo ndani yake kilicho kipumbavu chenyewe. Upumbavu uko katika haraka ya kutoka kimoja hadi kingine. Ubao ule ulikuwa wa mti wa kienyeji, mtamboti.

La kusikitisha zaidi ni kwamba Mauch alikuwa na ushahidi bora mkononi. Katika shajara yake hiyo hiyo aliandika masimulizi aliyopewa na mwenyeji kuhusu matambiko yaliyokuwa yakifanyika kilimani, na kuchinjwa kwa ng'ombe, katika miaka ambayo wazee waliikumbuka. Alimsikiliza mwenye habari, akayaandika maneno yake kwa uaminifu, kisha hakuyatumia. Theodore Bent, aliyechimba huko mwaka 1891, alifanya zaidi ya hayo. Alipofika alikuta kijiji cha watu wa Mugabe juu ya kilima, watu wanaoishi, wanaofuga na kupika baina ya kuta zile, naye akapita katikati yao akiwatafuta watu wa kale wa Arabia. Kwake kilima kilikuwa ngome, nayo ngome ilihitaji wageni waliojifungia ndani yake kwa hofu ya wenyeji. Jina Acropolis, lililoenea baada yake, lilikihamisha kilima hadi Ugiriki kwa neno moja.

Hapa fasihi haiwezi kujitoa lawamani. Riwaya ya H. Rider Haggard kuhusu machimbo ya Mfalme Sulemani ilitoka mwaka 1885, na mwaka 1929 ikatolewa kwa Kiswahili kwa jina Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya na Tanganyika vilijifunza kusoma nathari ndefu ya Kiswahili kwa kitabu hicho. Wazo lake la msingi, kwamba barabara kuu na machimbo ya kale katikati ya Afrika hayawezi kuwa kazi ya mababu wa watu wanaoishi hapo, liliingia katika lugha yetu likiwa limevaa Kiswahili fasaha. Mwaka huo huo wa 1929 Gertrude Caton-Thompson alikuwa Zimbabwe Kuu akithibitisha kinyume chake. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1931, hakikutafsiriwa kwa ajili ya shule zetu. Tunaposema leo juu ya athari za tafsiri katika maendeleo ya nathari ya Kiswahili, tuuhesabu na upande huu.

Kwa kuwa wakati wote huo kulikuwa na watu walioitumia hadithi ile kwa majembe. Mwaka 1889 Willi Posselt alimng'oa ndege mmoja kutoka nguzo yake, na ndege huyo akaishia mikononi mwa Cecil Rhodes. Kati ya mwaka 1902 na 1904 Richard Hall, aliyewekwa na kampuni ya Rhodes kuwa mtunzaji wa magofu, aliondoa tabaka nene za udongo akiamini kuwa ni uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya wajenzi wa kweli. Uchafu huo ndio uliokuwa historia yenyewe: sakafu, majivu, mifupa, vigae. David Randall-MacIver alipokuja mwaka 1905 na kusema kuwa magofu ni ya Waafrika na ni ya zama za kati, sehemu kubwa ya kurasa ilikuwa imekwisha kuchanwa. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale katika Rhodesia tangu mwaka 1964, aliondoka nchini mwaka 1970 baada ya kukataa kupindisha jibu hilo kwa manufaa ya serikali ya walowezi.

Swali la nani alijenga limekwisha. Swali la kwa nini halikwisha, na ni kosa kudhani kuwa jibu la kwanza linajibu la pili.

Upande wa ngome una hoja zake. Kilima kina mteremko mkali, na njia ya kale ya kupandia hubana baina ya majabali hadi watu hulazimika kupanda mmoja nyuma ya mwingine. Kuta huziba mianya baina ya mawe makubwa, kama mtu anayeziba mapengo katika ua wa asili. Kikundi kidogo kingeweza kuwazuia wengi. Lakini ngome isiyo na maji kileleni ni ngome ya siku chache. Tena, Ua Mkuu, wenye ukuta mrefu na mnene kuliko zote, uko chini mahali ambapo mtu yeyote aliyeshika kilima angeutazama ndani yake. Mtu anayehofia kushambuliwa hapeleki mawe yake mengi mahali pa chini. Garlake (1973) alizisoma kuta hizi kuwa alama ya hadhi zaidi ya kinga, na twaona alikuwa na haki. Ukuta unaweza kuzuia macho bila kuzuia mikuki. Wanaojua pazia la kasri, au kiambaza kinachomzuia mgeni wa nyumba ya Lamu asione ndani mlango ukiwa wazi, wanaelewa kazi ya namna hiyo.

Thomas Huffman alitoa fasiri kamili kuliko zote, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1996. Kwake Ua wa Magharibi ulikuwa makao ya mfalme, aliyetengwa juu mbali na raia. Ua wa Mashariki ulikuwa mahali pa ibada. Wake wa mfalme walikaa bondeni. Na Ua Mkuu ulikuwa mahali pa jando na unyago. Aliutegemeza mfumo huu juu ya mila za Wavenda na Washona pamoja na nyaraka za Wareno. Ni usomaji wenye mvuto, maana kila jiwe lina nafasi na kila alama ina maana. Kwa sababu hiyo hiyo unatia shaka. David Beach, mwanahistoria wa Washona, aliushambulia vikali mwaka 1998, akisema kuwa mila zilizoandikwa karne ya 20 haziwezi kurudishwa nyuma miaka mia tano kana kwamba hakuna kilichobadilika. Sisi wa fasihi tunaijua kasoro hii. Ndiyo ile ya umuundo, unaoichukua kazi nzima kuwa mfumo mmoja uliotulia, usio na wakati ndani yake.

Wakati ndio walioufungulia mlango Shadreck Chirikure na Innocent Pikirayi mwaka 2008. Walipendekeza kuwa kilima, Ua Mkuu na nyua za bonde si sehemu za mpango mmoja, bali ni makao ya watawala waliofuatana. Mtawala mpya hakuhamia kwa marehemu, alijenga kwake. Kwa usomaji huu, kilima kilikuwa ikulu kwa kipindi, kisha ikulu ikahama, nacho kikabaki na wafu wake. Uchimbaji wa Keith Robinson wa mwaka 1958 katika Ua wa Magharibi ulikuwa umekwisha kuonyesha jambo linalolandana na hilo: sakafu za nyumba za udongo zimejengwa moja juu ya nyingine, na watu walikaa kilimani kabla ya kuta za mawe kusimamishwa. Basi hata swali letu limekosea sarufi. Tunauliza kilima kilikuwa cha nini, kwa umoja, ilhali kilikuwa cha mambo kadha kwa zamu.

Kwa msomaji wa Kenya mfano uko karibu. Kaya za Wamijikenda, nyingi zikiwa ndani ya misitu juu ya vilima nyuma ya pwani, zinasimuliwa kuwa zilianza kama vijiji vya kujihami tangu karne ya 16. Watu walipotoka humo kwenda kulima na kuishi kwingine, hadi kaya zikaachwa kabisa kufikia miaka ya 1940, hazikuwa magofu. Ziligeuka mahali pa mababu, zikiwa na wazee wa kuzitunza na miiko ya kuingilia. UNESCO ilizitambua mwaka 2008 kwa sababu ya utakatifu huo. Mtu atakayechimba kaya bila kuuliza atakuta lango na boma, naye ataandika: ngome. Hatakuwa ameongopa. Atakuwa amesoma sura ya kwanza akadhani ni kitabu kizima. Nao wenye Thimlich Ohinga ya Migori, iliyotambuliwa mwaka 2018, wana la kutuambia kuhusu kuta za mawe makavu zilizobadilisha wenyeji bila kupoteza kazi.

Ndege wa jiwe la sabuni wanaelekea kuunga mkono usomaji wa tambiko, angalau kwa Ua wa Mashariki. Wanane wanajulikana, na wengi wao walisimama hapo juu ya nguzo. Wengine wamewaona kuwa ndege wajumbe baina ya mababu na Mungu, wengine alama za watawala waliokufa, mmoja kwa kila nguzo. Hatuoni haja ya kuchagua. Katika jamii ambayo mfalme aliyekufa ndiye aombaye mvua kwa niaba ya walio hai, alama ya utawala na alama ya ibada ni kitu kimoja, na utengano wa hizo mbili ni wetu sisi tunaoandika.

Joost Fontein, aliyeandika mwaka 2006 kuhusu magofu haya na watu wanaoyazunguka, aliwakuta wazee wa koo za Nemanwa, Charumbira na Mugabe wakibishana wao kwa wao kuhusu nani mwenye haki ya mahali hapo. Kila ukoo una simulizi lake la kufika, la kupigana na la kutambika. Walichokubaliana ni kwamba tangu eneo lilipozungushiwa uzio na kuwekewa walinzi na tikiti, wenyewe walizuiwa kufanya matambiko yao ndani, na kwamba tangu hapo mahali pamekuwa kimya. Hakuna kati yao aliyehitaji kuuliza kilima kilikuwa cha nini. Mabishano yao yalihusu ni nani anayeruhusiwa kupanda.